Taa mpya imeyapausha matumbawe yangu, na mume wangu anataka kuongeza mwanga

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, saa tano usiku, tochi mkononi. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko hapa Bremen. Wenzangu ugenini hujiliwaza kwa kupika au kwa kupiga simu nyumbani usiku kucha. Mimi nafuga matumbawe. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, na chini yake, kabatini, kuna tangi dogo la 80 kwa 40 la pampu na hita. Ukitoa mawe, maji yote ni kama lita 300. Lina miaka sita, na miaka yote hiyo limemulikwa na tyubu sita za T5, zile nyembamba za floresenti, kila moja wati 54.

Tyubu zenyewe nilizibadilisha mara ya mwisho mwaka jana mwezi wa tatu. Nakiri nimechelewa, lakini siku hizi kuzipata ni kazi. Tangu Agosti 2023 Umoja wa Ulaya ulipozifungia soko tyubu za kawaida za T5 na T8 kwa sababu ya zebaki iliyomo, hata hizi za akwariamu nazitafuta kama dawa. Basi mume wangu akaamua kunishtukiza. Jumamosi iliyopita narudi kazini nakuta taa ya zamani imeshushwa stoo, na juu ya tangi zinaning'inia LED mbili za bei ambayo hata kuitaja sitaki. Amezifunga mwenyewe, sentimita 20 juu ya maji, kaziweka asilimia 70. "Sikuziweka mia," akaniambia, "nimeyaonea huruma."

Mjomba, palipendeza. Buluu ile, na mawimbi ya mwanga yanacheza kwenye mchanga. Usiku ule televisheni hatukuiwasha.

Jumatatu, Euphyllia yangu, ile yenye vidole vinavyopepea, haikufunguka. Jumanne matumbawe ya uyoga yakajikunja kama sikio. Montipora ya sahani, iliyokuwa nyekundu ya tofali, Jumatano ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na leo Ijumaa uso wake wa juu ni mweupe kama kikombe cha kauri. Acropora mbili za juu, zile za matawi, zimepauka migongoni. Kinachonishangaza ni zoa, vile vidogo vinavyochanua kama maua, zilizo chini ya jabali, kivulini. Hizo zimechanua kama hakuna lililotokea.

Mume wangu anasema mwanga hautoshi. Anasema ukisimama mlangoni tangi lina giza kuliko zamani, na ni kweli, hata mimi naona hivyo. Tena anasema baadhi ya rangi zinang'aa kuliko zamani, kwa hiyo matumbawe hayaumwi, yana njaa ya mwanga. Jana akapandisha hadi 85. Muuzaji niliyempigia simu kaniambia nitie matone ya vitamini. Hita nayo, ambayo zamani niliisahau, sasa inawaka karibu kutwa nzima. Mengine sijayagusa: pampu ya dozi, inayotia madini ya kujengea mifupa ya matumbawe, inaendelea kama kawaida, na kila asubuhi natia jagi zangu mbili za maji matamu, lita nne, kufidia yaliyokauka, ingawa naona maji ya tangi la chini yamepanda kidole kimoja.

Nirudishe tyubu? Haya meupe yameshakufa? Na nimwambieje mtu aliyenipa zawadi kwa moyo safi kwamba zawadi yake inaniulia mifugo?

Mpwa wako,
Mwenye Tangi Jeupe, Bremen

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla hujafika mstari wa pili, inuka, chukua simu ya mumeo, fungua programu ya taa, shusha hadi 35. Nakungoja.

Haya, sasa keti tuzungumze.

Mumeo hakukosea kuona giza. Amekosea kuliamini jicho. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayoelekea njano, kwenye nanomita 555 hivi. Buluu ya nanomita 450, ambayo ndiyo imejaa kwenye taa za LED za matumbawe, tunaiona kama mwanga wa kuota nao ndoto. Sasa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, zuzanthela, hesabu yake ni nyingine kabisa. Buluu ndiyo chakula chake hasa. Tumbawe baharini limezaliwa chini ya maji, na maji hunywa nyekundu katika mita chache za mwanzo, yakaiachia buluu ishuke. Kwa hiyo chumba kinakuwa na giza la kupendeza, ninyi mmekaa kwenye kochi, na matumbawe yako yanachomwa na jua la saa sita.

Fanyeni jaribio dogo usiku. Zimeni taa ya sebule, washeni buluu peke yake, kisha mjaribu kusoma gazeti. Halafu zimeni buluu, washeni nyeupe peke yake. Mumeo ataapa kuwa nyeupe ni kali zaidi. Ukiweka majini kipimo cha PAR, yaani cha mwanga unaoulisha mwani, kwa taa nyingi za aina hii buluu ndiyo itakayotoa namba kubwa. Na msije mkapima kwa programu ya simu ya lux. Lux imetengenezwa kwa kufuata jicho, kwa hiyo itarudia uongo uleule, safari hii kwa tarakimu.

PAR ni hesabu ya chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru, kati ya nanomita 400 na 700, zinazoanguka kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, zikihesabiwa kwa mafungu makubwa yaitwayo mikromoli. Jua la mchana juu ya maji ya Mombasa hukaribia 2,000. Ndani ya tangi, zoa, uyoga na matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, Euphyllia na jamaa zake karibu hapohapo, na Acropora iliyozoeshwa hupenda 200 hadi 350. Neno muhimu hapo ni iliyozoeshwa. Zako zilizoea tyubu za zaidi ya mwaka. Tyubu hufifia kimyakimya, ndiyo maana wafugaji huzibadilisha kila miezi tisa hadi kumi na miwili, na matumbawe nayo hushuka nazo polepole. Zawadi ya mumeo haikuanzia pale tyubu mpya zinapoanzia. Imeanzia mbali zaidi.

Nami yalinikuta, tena bila LED yoyote. Zamani nilikuwa na taa ya tyubu kama yako, nikazipa miezi kumi na minane kwa ubahili, kisha siku moja nikabadilisha zote nane kwa pamoja, za aina ileile, wati zilezile. Wiki moja baadaye Montipora ilikuwa imepauka kama yako. Nikalaumu chumvi, nikalaumu maji ya bomba, nikamlaumu hadi fundi aliyepaka rangi ukutani. Baadaye ndipo nilipojifunza kubadilisha mbili leo na mbili baada ya wiki mbili.

Linalotokea ndani ni hivi. Mwani ukipokea mwanga mwingi kuliko unavyoweza kuutumia, mitambo yake hulemewa na kutoa oksijeni ya aina iliyo sumu, inayochoma seli zilizo jirani. Tumbawe hujiokoa kwa kumfukuza mpangaji. Na rangi ya kahawia ilikuwa ya mpangaji. Akitoka, unabaki na nyama inayopitisha mwanga na mfupa mweupe chini yake. Mwanga ukiwa mdogo mambo huenda kinyume: tumbawe huongeza wapangaji, likazidi kuwa kahawia iliyokolea. Lako limekuwa jeupe. Na zoa za kivulini, zisizopata hata robo ya mwanga wa juu, zimechanua. Tangi lenyewe limeshatoa ushahidi, mumeo hakuwaita mashahidi tu.

Kuhusu zile rangi zinazong'aa, hapo ndipo watu wengi hudanganyika, mimi simlaumu. Matumbawe mengi yana protini zake zenyewe zinazowaka chini ya buluu, kijani cha limau, machungwa, waridi. Kawaida kahawia ya mwani huzifunika. Mwani ukipungua, zinaonekana wazi, na tumbawe linaloumwa linapendeza kuliko lilivyokuwa zima.

Je, yamekufa? Kwa barua yako, nadhani mengi hayajafa. Una tochi, lakini hakikisha ni ya mwanga mweupe. Saa mbili baada ya taa kuzimwa, mulika Montipora kwa pembeni, si kwa juu. Ukiona utando mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakaachwa yapoe, na ndani yake vitundu vidogo vyenye polipi, vile vinywa vidogo vya tumbawe, zinazochungulia, liko hai, lina njaa tu. Ukiona nyama inamomonyoka kama sabuni iliyolala majini, inapeperuka vipandevipande, au mfupa uko wazi na umeshaanza kushika ukijani wa mwani wa kawaida, sehemu hiyo imekwenda. Ikiwa ni tawi la Acropora, likate sentimita moja ndani ya sehemu nzima, ulibandike pengine.

Yaliyo hai yamepoteza mpishi. Kwa wiki kadhaa yategemee mkono wako: chakula cha unga wa planktoni au uduvi uliogandishwa na kusagwa laini, mara mbili au tatu kwa wiki, usiku polipi zikiwa nje, pampu za mkondo zikiwa zimezimwa dakika kumi. Kidogo. Ukijaza maji chakula utaleta balaa jingine. Wala usikimbilie kusafisha maji mpaka yakawa hayana naitreti wala fosfeti, kwani mwani unaotaka urudi nao unahitaji mbolea. Matone ya muuzaji yaache dukani. Tumbawe lililotikiswa na jambo moja halihitaji la pili.

Kurudisha tyubu? Ningekuwa mimi, nisingerudisha. Hazitaua kitu, lakini utakuwa umeahirisha safari ileile, na tyubu zenyewe ndizo hizo adimu. Ila usiitupe ile taa ya stoo, tuna kazi nayo.

Tafuta kipimo cha PAR cha kuazima. Wafugaji wa matumbawe Ujerumani ni wengi na wana umoja, na yapo maduka yanayokodisha. Kiwe cha kusoma buluu ya LED sawasawa, kama Apogee MQ-510, ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya chini ya maji. Siku kitakapofika, shusheni LED, pandisheni taa ya tyubu kwa nusu saa tu. Ziacheni zipate moto dakika kumi na tano, kisha pimeni mahali lilipo kila tumbawe, si katikati ya tangi tu. Andikeni. Juu ya jabali, ubavuni, mchangani, penye Euphyllia. Namba hizo ndizo zinazotafsiri miaka sita ya mazoea. Halafu rudisheni LED na mzishushe mpaka penye Montipora na Acropora mpate robo tatu ya namba ya tyubu. Asilimia itakayotokea kwenye simu, hata iwe 28, ndiyo hiyo. Asilimia 70 haina maana mpaka ujue ni 70 ya nini.

Kipimo kisipopatikana, baki hapo 35. Nyanyua taa kutoka sentimita 20 hadi 35 juu ya maji, na saa za mwanga kamili ziwe sita kwa siku, kuchomoza na kutua kukiwa nje ya hizo sita. Kunyanyua kunasaidia mara mbili. LED humulika kutoka sehemu ndogo, kama tochi, na kivuli chake ni kikali, wakati tyubu ya zaidi ya mita moja ililifikia tawi kutoka kila upande. Taa ikiwa juu zaidi, mwanga husambaa na zile duara kali za katikati hupungua. Kama bado kuna tumbawe moja linaloungua, kata wavu wa mbu wa dirishani, uulaze juu ya tangi sehemu hiyo tu, tabaka mbili, kisha uondoe moja baada ya wiki mbili. Ni wa senti chache na unafanya kazi kuliko vichupa vya muuzaji.

Kwa wiki mbili usiiguse taa. Naliandika hili nikijua ni gumu. Kisha ongeza alama tatu au nne za asilimia kwa wiki, siku ileile ya wiki, na wiki ambayo kuna tumbawe lililozidi kupauka, usiongeze. Mabadiliko ya mwani ndani ya tumbawe huchukua wiki, hayaendi kwa siku. Ukifika kwenye namba za tyubu, kaa hapo mwezi mzima kabla hujatamani zaidi. Watu wengi hugundua hawakuhitaji zaidi. Na programu nyingi za taa za LED zina kipengele cha kuzoesha kinachopandisha mwanga chenyewe kidogokidogo. Huenda kipo hata kwenye taa zenu, na kilikuwa kimezimwa.

Wewe mtoto wa Kisauni unalijua bamvua. Saa nne asubuhi maji yamekupwa, unatembea kwenye mwamba, matumbawe yako usawa wa kifundo cha mguu na jua linayapiga. Hayafi, kwa kuwa yamekulia papo hapo. Chukua ndugu yake wa mita kumi na tano chini umweke pale, utaona. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe kuanzia kwetu Kenya hadi Msumbiji, maji ya moto ndiyo yaliyoanzisha, lakini jua likamalizia. Ndiyo maana nakuuliza pia habari za joto lako.

Hita inawaka kutwa nzima. Unajua kwa nini? Tyubu sita za wati 54 ni wati 324 zilizokuwa zikiyapasha maji yako joto kutoka juu, bure. LED hutoa joto kidogo, na joto lake nyingi hupanda juu kwenye feni zake. Kwa hiyo angalia kipimajoto asubuhi na mapema, kabla taa haijawaka, na tena usiku. Kama tofauti inazidi nyuzi moja, hita yako ni ndogo kwa maisha mapya na inahitaji mwenzake, hasa majira ya baridi ya huko.

Joto likipungua, maji hayakauki kama zamani. Nawe bado unatia lita zako nne kila asubuhi. Kidole ulichokiona kwenye tangi la chini, nikikadiria sentimita mbili kwenye 80 kwa 40, ni lita sita na ushee za maji matamu ya ziada. Katika lita 300, chumvi imeshuka kutoka 35 kwa elfu hadi karibu 34.3. Hiyo pekee haijaua kitu, lakini ungeendelea hivyo mwezi mzima ungeniandikia barua nyingine kabisa. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo cha tangi la chini, ujaze mpaka mstari tu. Ile ziada itoe kwa jagi, na kwa siku chache fidia kwa maji ya chumvi badala ya matamu, hadi refraktometa, kile kipimo cha chumvi, isome 35 tena.

Na pampu ya dozi, mpwa wangu, ulisema hujaigusa. Iguse. Tumbawe lililopauka hupunguza sana kujenga mfupa, kwa hiyo halitumii sana unachotia, na alkalini inajirundika. Pima KH, kipimo cha alkalini hiyo, leo na kesho kutwa, wakati uleule. Ikipanda, punguza dozi mpaka itulie mahali ilipozoea, iwe 7 au 8, sina ugomvi na namba, nina ugomvi na kupandapanda. Wiki za mbele matumbawe yakianza kujenga tena chini ya taa nzuri, KH itaanza kushuka, nawe utairudisha dozi. Hiyo ndiyo habari njema ya kwanza utakayoipata, na itakuja kabla ya rangi.

Sasa mumeo. Usimwambie zawadi yake imeua, kwa sababu haijaua, na taa ni nzuri. Ingekuwa mbaya isingefanya kazi kubwa hivyo ndani ya siku sita. Mwambie taa ina nguvu kuliko mlivyodhani. Wanaume wengi nadhani wataipokea sentensi hiyo vizuri. Kisha mkabidhi kipimo cha PAR, daftari na kalamu, awe ndiye mpimaji, maana aliyezifunga ndiye anayejua zinavyoshushwa. Neno la siri la programu ulibadilishe wewe, kwa miezi miwili tu.

Na kama mabano ya taa yanaruhusu, baadaye, mambo yakishatulia, nunueni tyubu mbili za kuweka pembeni mwa LED, moja mbele moja nyuma. Zitaziba vile vivuli chini ya Acropora, ambavyo usipoviangalia vitaanza kuua matawi ya chini baada ya miezi sita, pole pole, wakati huo umeshaacha kuwa na wasiwasi.

Wiki ya sita nitumie picha ya Montipora, iliyopigwa chini ya mwanga mweupe. Za buluu huwa sizifungui.

Mjomba